Mama Furu Amefunguliwa Mdomo

Nianze kwa kusema kwamba nina hasira, ili msomaji asitegemee nimweleze kila mtu kwa upole. Mimi ni Evance, fundi mitambo wa redio yetu ya jamii hapa Musoma, mtu wa nyuma ya kioo. Kazi yangu ni kuwasha, kuzima, na kuwanyooshea watangazaji kidole kwamba muda wao umekwisha. Kwa miaka yote niliyofanya kazi hiyo, mtu pekee ambaye kidole changu kilisita kumnyooshea ni Hyasinta, muuza samaki wa soko la Mwigobero.

Hyasinta ni mtu wa Murangi, kule kwenye vijiji vya ziwani. Ukimwona sokoni hutageuka kumtazama tena: kitenge kilichofifia, ndala, beseni la sangara wa kukaanga, na pembeni fungu la dagaa. Ana sauti ya chini, na sauti ya chini sokoni ni mkosi. Wenzake wanaita wateja kwa majina ya mapenzi, yeye anakaa tu mpaka mteja amfikie. Samaki wake anawachukua kwa mali kauli, yaani anapewa mzigo asubuhi kwa neno lake tu, anauza, na jioni anamrudishia mwenyewe haki yake. Mali kauli haina karatasi wala shahidi. Ina jina lako basi, na jina likichafuka asubuhi inayofuata utauza nyanya.

Redioni alikuja kuleta tangazo la mkutano wa kikundi chao cha akina mama. Ilikuwa Jumamosi, saa ya kipindi cha watoto, na mtangazaji wa kipindi hakuwa ametokea. Alikuwa na mazoea hayo. Sasa yuko Mwanza, ni mtu mkubwa, hatusalimii. Watoto walioalikwa walikuwa wamekaa studio na nguo zao za kanisani, na meneja akaniambia nipige muziki mpaka muda uishe. Hyasinta alikuwa bado amesimama mlangoni na karatasi yake ya tangazo.

"Kwani hawa watoto walikuja kusikilizaga muziki?" akauliza. Akaingia akakaa nao.

Akasogeza mdomo kwenye maikrofoni, akasema, "Hii si yangu, nimeachiwa tu." Kisha akanyamaza.

Kimya redioni ni ajali. Nilishaanza kupapasa nitafute wimbo, nikamwona anawainamia watoto na kuwafundisha la kusema. Wakasema kwa pamoja, "Basi tuachie na sisi." Ndipo akaendelea, na hakuondoka tena kwenye kile kipindi.

Baadaye alinieleza utaratibu wenyewe. Katika nyumba ya bibi yake Murangi hakuna aliyesimulia hadithi kama mali yake. Lazima useme umeachiwa, hata kama hukuachiwa na mtu. Wasikilizaji nao lazima wakuombe uwaachie na wao, na anayeanza kuomba ni mkubwa kuliko wote waliokaa pale. Asipoomba, hadithi haianzi. Mtu akisahau akasema hadithi ni ya kwake, bibi alikuwa anamkatisha palepale: kumbe hayo mambo hayakutokea? Basi umetukalisha hapa unatudanganya. Na Hyasinta alinitazama kana kwamba mimi ndiye mtoto, akaniuliza: Mtu aliyezoeleka kwa uongo, nani atampa samaki wake kwa kauli?

Alisimulia mengi, lakini mji ulimjua kwa Mama Furu.

Furu ni samaki mdogo wa ziwa letu, na kila mvuvi anajua tabia yake. Akishataga anabeba mayai mdomoni, na watoto wakianguliwa wanakaa humohumo; wanatoka kuchezacheza, wakiona hatari wanarudi ndani mbio. Mdomo ukiwa umejaa watoto, mama hali. Hayo ni ya Mungu. Hyasinta aliongeza jambo moja: Mama Furu hawezi kujibu. Sangara akija kumtukana mlangoni, hajibu. Jirani akimsingizia wizi, hajibu. Akifungua mdomo ajitetee, watoto watamwagika nje. Anachoweza ni kuguna tu, mmm, na Hyasinta alikuwa na mmm za kila aina: ya kukataa, ya kubembeleza, ya kukaripia, ya mtu aliyechoka, na ile ya kucheka kwa siri. Kwenye mitambo yangu hizo mmm zilikuwa hata hazipandishi taa za sauti, lakini Jumamosi ungepita mitaa ya Buhare ungesikia watoto wanagombana kwa mmm tupu.

Sasa nieleze Mama Furu alikotoka, maana ndiyo kiini cha yote. Mdogo wake Hyasinta alifariki akaacha watoto, mkubwa wao akiitwa Nyamburi, na kitinda mimba akiitwa Kwangu. Hyasinta hakuwa amejaliwa wa kwake; akawachukua, na ndiyo maana sisi tunamwita Mama Nyamburi. Kwangu alikuwa mdogo wa kutoelewa. Kila jioni aliuliza mama anarudi lini, na kila jioni Hyasinta alikosa la kusema. Akisema harudi, mtoto atalia usiku kucha. Akisema atarudi, amemdanganya. Akawa anaguna tu na kuendelea na kazi, mpaka mtoto akamwambia, wewe hunipendi, hunijibu. Siku hiyo Hyasinta alikuwa anasafisha samaki, na kwenye kiganja chake palikuwa na furu mwenye watoto mdomoni. Akamwonyesha Kwangu. Akamwambia, huyu naye anaulizwa, na hajibu, siyo kwamba hapendi. Ameshika watoto.

Hakuna bibi aliyemwachia hadithi hiyo. Alinisimulia siku moja sokoni, huku anafukuza nzi kwenye beseni, na nina hakika nje ya nyumba yake ni mimi tu niliyejua.

Kitabu nilikiona mara ya kwanza kwenye begi la binti yangu Grace, ambaye yuko darasa la tatu. Mwalimu alikuwa amewaambia wanunue kitabu cha ziada, mama yake akanunua. Kwenye jalada kuna samaki aliyepaka rangi ya mdomo, amening'iniza mkoba kwenye pezi, na mdomo ameuachia wazi kabisa. *Mama Furu na Watoto Wakaidi*. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda cha mtoto nikakisoma chote. Zilikuwa Jumamosi zetu, na samaki wetu walewale: Sangara mlangoni, Gogogo mlinzi wa geti, Kamongo aliyelala kiangazi chote kwenye tope akaamka anadai chakula cha mchana. Ila Mama Furu alikuwa anaongea. Aliongea kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, aliongea kama mwalimu mkuu siku ya paredi. Katika hadithi ya tatu anamtema mtoto mkaidi, Sangara anammeza, na chini wameandika: Funzo, watoto tuwe watiifu.

Juu ya ukurasa wa kwanza, kwa herufi za mlazo, yalikuwepo maneno yenyewe: Hii si yangu, nimeachiwa tu. Basi tuachie na sisi. Nyuma ya jalada: Kimeandaliwa na Mwalimu Felisian, Bunda. Haki zote zimehifadhiwa. Zimehifadhiwa na nani na kwa ajili ya nani, hakusema.

Nilikipeleka Mwigobero asubuhi iliyofuata. Hyasinta alijifuta mikono kwenye kitenge, akakishika kwa kingo ili asikichafue. Akatazama jalada muda mrefu.

"Wamemfungua mdomo," akasema. Akakisogeza karibu na macho. "Sasa watoto wamekwenda wapi?"

Kwa kweli mle mdomoni mchoraji hakuweka kitu. Alikuwa amepaka wekundu tu.

Mimi ndiye niliyeleta habari za fidia. Yeye alitaka mambo mawili tu, na tangu siku hiyo hadi leo hajabadilisha: Mama Furu afungwe mdomo, na yule mtoto aliyetemwa arudishwe. Alisema kati ya watoto wanaosoma kile kitabu wamo akina Kwangu wengi, wenye mama na wasio na mama, na sasa wanafundishwa kwamba mama akikasirika anakutema. Aliposema hivyo sauti yake ilipanda, jirani yake wa dagaa akageuka kututazama.

Tukaenda Bunda. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na mengine sikuyaandika hapa kwa heshima ya wasomaji. Felisian tulimkuta kwenye duka lake la vifaa vya shule, mashine za kuchapa ziko chumba cha nyuma, ukutani kadi za harusi na kalenda za parokia. Ni mwalimu mstaafu, mwembamba, shati limepigwa pasi. Hyasinta alipotoa salamu tu, yule mzee akasimama.

"Hii sauti," akasema. "Mama wa redioni!" Akamwita mkewe aje aone. Tukaletewa viti, tukaletewa soda, mkewe akamshika Hyasinta mikono yote miwili. Niambie sasa, unapiganaje na mtu aliyefurahi namna hiyo kukuona?

"Mimi Jumamosi nilikuwaga sikosi," Felisian akasema. "Naweka simu karibu na redio, narekodi, halafu naandika polepole. Nikasema hivi vitu vizuri visipotee."

"Mwalimu, asante," Hyasinta akasema. "Mimi nimekuja kwa ajili ya Mama Furu. Nakuomba umfunge mdomo."

Mzee alifikiri, kwa dhati kabisa. Akaeleza kwamba alijaribu kumwacha hivyo, ikashindikana. Walimu wanataka mazungumzo, wanataka msamiati, wanataka funzo mwishoni. "Kitabu ya shule bila maneno, mama, mtoto atasoma nini? Ukurasa mzima ni mmm, mmm?"

Nikaona huku tunapigwa chenga. Nikasema, "Mwalimu, hizi hadithi ni zake. Amezitunga yeye, na wewe hukumwomba ruhusa."

Felisian hakunijibu mimi. Alimgeukia Hyasinta, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshtuka hasa. "Ni za kwako, mama? Maana kila Jumamosi ulisemaga si zako. Mimi mali ya mtu siwezi kugusa. Ungesema ni yako, ningekuja mpaka Mwigobero nikapiga hodi. Niambie tu sasa hivi. Ni za kwako?"

Akasubiri. Mkewe naye akasubiri, chupa ya soda mkononi. Lilihitajika neno moja, na lilikuwa neno la kweli. Nilimtazama Hyasinta mpaka macho yakauma. Midomo yake ilisogea, ikarudi ikafungana.

"Niliachiwa," akasema.

Felisian akashusha pumzi. Alisema toleo lijalo ataangalia cha kufanya, ila hili lililochapwa limekwisha kwenda mashuleni, mpaka Serengeti huko. Kisha akafunga fungu la vitabu kwa kamba, akampa kama zawadi. Hyasinta alivipokea kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, kama alivyolelewa. Nikabeba mimi. Hata leo nikiona kamba ya aina ile naudhika.

Njiani nilimuuliza kwa nini hakusema. Nilimuuliza kwa ukali, nadhani.

"Baba Grace," akasema, "ningesimama mbele ya yule mama aliyenishika mikono, nikamwambia miaka yote hiyo nilikuwa nadanganya watoto redioni? Ile ya mwanzo ilikuwa uongo, au hii ya leo? Atachukua ipi?"

Nikalikaza lile fundo la kamba ya vitabu.

Tulikwenda kwa Lucy, mwanasheria kijana anayetoa msaada wa kisheria hapa mjini. Simlaumu. Alisikiliza yote, akamwambia Hyasinta kwamba sheria iko upande wake: aliyetunga ana haki ya alichotunga, na ana haki pia ya kuzuia kisipotoshwe. "Tatizo letu siyo sheria, mama. Tatizo ni kuonyesha kwamba ulitunga wewe. Vitu vya jadi havina mtu mmoja wa kusimama akasema vyangu. Na huyu bwana atasema hivi ni vya jadi."

Akaomba rekodi. Hapo ikawa zamu yangu kuinamisha kichwa, maana kompyuta ya redio iliungua umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu, na vipindi vingi vilikwenda na moshi. Vilivyobaki nilimletea. Alivaa visikilizio, akatabasamu kwenye mmm ya kucheka kwa siri, halafu akavivua taratibu.

"Kila kimoja kinaanza hivi?" akauliza.

"Kila kimoja."

"Basi huu ni ushahidi wa Mwalimu Felisian, siyo wetu."

Nikamwambia kuna Nyamburi na Kwangu, wao waliisikia nyumbani kabla ya redio. Akasema hao watasema waliisikia kwa mama yao mkubwa, lakini bibi alifariki kabla hawajazaliwa, hawawezi kujua yeye alisimulia nini na nini hakusimulia. Anatakiwa mtu aliyekaa kwenye ile nyumba ya Murangi, aliyezisikia hadithi za bibi, aape kwamba ya furu haikuwemo.

Mtu huyo alikuwa amebaki mmoja. Ni mzee Stanislausi, mdogo wake yule bibi, ambaye alihamia upande wa Butiama ujanani kufuata malisho na akaoa hukohuko. Na kwa mara ya kwanza tangu kitabu kitokee nilimwona Hyasinta amechangamka. Aliniambia, "Babu akisema yeye, siyo mimi nimejisifu. Kwake itatoka vizuri." Alimnunulia sukari na kilo ya sato wabichi, akavaa gauni la Jumapili.

Nyumba ya mzee Stanislausi iko nje kidogo ya Butiama, ya bati, ndani makochi yenye vitambaa vya kufuma na picha ya Moyo Mtakatifu. Redio iko juu ya kabati. Mzee alifurahi mno kumwona mjukuu. Alimshika kichwa, akauliza habari za waliokufa na walio hai kwa mpigo mmoja. Lucy alikuwa ametuonya tusimwekee maneno mdomoni. Kwa hiyo nikauliza kama alivyonifundisha: "Babu, dada yako pale Murangi alikuwaga anawasimulia hadithi gani?"

Mzee akafumba macho. Akataja ya sungura na kisima. Akataja ya fisi aliyekwenda kuposa. Akataja ya msichana na nyoka wa kisiwani. Nikawa nakubali kwa kichwa kila moja, kwa raha, maana furu hakuwemo.

"Na ile ya furu," akasema.

Nikamuuliza furu gani.

"Furu asiyejibu, mura, kijana wangu. Ndiyo tuliipenda kupita zote. Dada alikuwaga ananishika kichwa hivi, mimi nimelala kwenye mapaja yake, moshi umejaa nyumba, halafu anafanya hivi." Na mzee Stanislausi akaguna. Ilikuwa mmm ya Hyasinta, ile ya kubembeleza, inayoanzia chini ikapanda kidogo mwishoni. Naijua. Nimeirusha hewani mwenyewe. Chozi lilimtoka yule mzee likapita kwenye mashavu, hakulifuta.

Nikatazama redio juu ya kabati. Ilikuwa kwenye masafa yetu.

Nikafungua kinywa nimwambie. Niseme, babu, hiyo umeisikia kwetu, Jumamosi, umeisikia kwa huyu aliyekaa hapa. Alisema ameachiwa na wewe ukaamini, ukaenda ukamtafutia dada yako mahali ndani yake. Hyasinta akanishika mkono. Hakunitazama.

"Ndivyo alivyokuwa anafanya, babu," akasema.

"Umemkumbuka?"

"Namkumbuka."

Tukala ugali na sato. Nilikula kwa adabu.

Tulipotoka nilimwambia ameizika kesi kwa mikono yake. Nilisema na mengine. Tulipofika barabarani akasema, "Dada yake amekufa zamani, Baba Grace. Amempata kidogo, pale anapoguna. Nikamnyang'anye?" Nilitaka kumkasirikia, sikuweza. Nilitaka kumkasirikia mzee, ningeanzia wapi? Hata Felisian, ambaye nilikuwa nimemwekea hasira ya akiba, nilipomtafuta moyoni nikakuta amesimama na soda yake, anauliza kwa upole, ni za kwako, mama? Hasira bila mtu wa kuipokea inachosha kuliko kubeba magunia.

Lucy alisema tukienda hivihivi tutashindwa, na tukishindwa itabaki imeandikwa kwamba si zake. Bora tusiende. Alimwomba Hyasinta msamaha, naye Hyasinta akamwambia, "Usijali, mwanangu, umefanya kazi yako," na akamwachia samaki.

Jumamosi ziliendelea, lakini zilikuwa zimebadilika. Watoto wa studio walianza kumwuliza kwa nini Mama Furu wa redioni ni bubu na wa kitabuni anaongea. Mmoja akauliza kama anaumwa. Ujumbe wa simu ukaingia, mzazi analalamika kwamba mtangazaji hafuati kitabu. Meneja akamwomba Hyasinta, kwa heshima zote, walau asogeesogee upande wa kitabu, wadhamini wanakipenda. Hyasinta aliguna. Ilikuwa mmm ya kukataa, na meneja hakuielewa.

Halafu ukaja mwaliko wa shule moja ya Buhare. Walikuwa na siku ya kusoma, na mwalimu wa darasa, kijana mwema asiyejua lolote, alitaka mama wa redioni aje asimulie ana kwa ana. Nilimshauri asiende. Alikwenda, nami nikafuata na kinasa sauti changu, maana nilishaapa hakuna kipindi chake kingine kitakachopotea.

Darasa lilikuwa limefurika mpaka madirishani. Karibu kila dawati lilikuwa na kile kitabu. Hyasinta alisimama mbele, akaunganisha mikono, akasema, "Hii si yangu, nimeachiwa tu." Mwalimu, kwa kuwa mimi nilikuwa kazini na yeye ndiye mkubwa aliyekuwa anasikiliza, akaanza, na darasa zima likamfuata: "Basi tuachie na sisi." Walikuwa wameshika utaratibu vizuri sana, kitabu na redio vilikuwa vimewafundisha hilo, hata kwamba mkubwa ndiye anayeanza kuomba.

Akaingia kwenye hadithi. Sangara akaja mlangoni akatukana matusi yake yote, na watoto wakacheka kwa raha. Mama Furu akamtazama. "Mmm," Hyasinta akasema.

Darasa likasubiri. Akarudia, chini zaidi, ile ya mtu aliyechoka. Watoto wakatazamana.

Msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Mama, umeruka. Hapo Mama Furu anasema."

"Anasemaje?"

Yule msichana akasimama akaghani hotuba yote ya ukurasa wa nne, neno kwa neno, na kabla hajafika katikati wenzake walikuwa wamejiunga, sauti moja, mpaka kwa yule mtoto mkaidi, mpaka kutemwa. Walipofika kwenye kutemwa walipiga madawati, paa, kama walivyozoea. Kisha wakamtazama mgeni wao kuona kama amekumbuka.

"Watoto wake wako mdomoni," Hyasinta akasema. Sauti ile ya chini, nusu ya darasa haikuisikia. "Hawezi kusema. Wako mdomoni."

Mwalimu aliona mgeni anaaibika, akataka kumsaidia. Akasema tusimchoshe mama, hadithi ni nyingi na mtu anaweza akasahau kidogo. Akamletea kiti, akamketisha mbele kabisa, ageukie ubao kama mwanafunzi. "Shija, njoo umsomee mgeni wetu. Soma vizuri kama tulivyofundishana."

Shija alikuja na kitabu, akakishika juu kwa mikono miwili, kwa hiyo sisi tuliokaa mbele tuliuona ule mdomo mwekundu badala ya uso wake.

"Hii si yangu," akasoma, "nimeachiwa tu."

Akanyamaza. Alikuwa amefundishwa kunyamaza hapo. Mwalimu hakujibu, darasa halikujibu. Sasa mkubwa kuliko wote aliyekaa kusikiliza alikuwa Hyasinta, na wote walijua kwamba yeye asipoomba, hadithi haianzi. Watoto wote wakamgeukia. Kinasa sauti kilikuwa mkononi mwangu, kimewashwa, na nakiri nilimwomba Mungu asiseme. Nilitaka akae hivyo, amefumba mdomo, mpaka kengele ya mapumziko ilie.

Alimtazama yule mtoto aliyekuwa anamsubiri, mikono imeanza kumtetemeka kwa kushikilia kitabu juu.

"Basi," akasema, "tuachie na sisi."

Shija akafungua ukurasa, akaanza kusoma.